Mshika Kibendera

Tumekutana Kizota, uani kwa Sekwao,
kumi na mmoja, tukiwahesabu na wenye fimbo.
"Timu imetimia," anasema Ndahani,
"kasoro mtu wa kukimbia."
Merina kaleta zabibu kwenye beseni la kufulia,
na kabla viti havijatulia kwenye mchanga
mechi imeshaanza.

Kila mwaka huanza hivi hivi:
Sabini na tano, Julai, upepo wa kupasua midomo,
sisi wa Ualimu Chilangali, wao watoto wa Kilimo,
bao moja kwa bila,
dakika haijulikani,
maana saa ilikuwa moja tu, ya mkuu wa chuo,
na mkuu alikuwa juu ya benchi, anarusha kofia.

Golini Hezroni, marehemu,
aliyedaka kwa mikono mitupu
na usiku akaichua kwa mafuta ya nyonyo.
Winga wa kulia, Chibago.
"Kushoto!"
"Kulia, bwana, mimi nilikuwa nyuma yake!"
Wanabishana hadi chai inaota ngozi.

Merina anatema mbegu kiganjani.
Jezi zile, anasema, nilishona mimi.
Magunia ya unga wa yanga, mnakumbuka ile njaa,
nikayachemsha na manjano mpaka sufuria la bweni likaharibika,
na Chibago akiloa jasho
maandishi ya gunia yalimrudia mgongoni:
SI YA KUUZWA.
Niliyasoma kipindi kizima cha pili.
Alikuwa kulia.

Kimya kidogo.
Timu za mjini zilimfuata Chibago, kweli hakuuzika.
Alifundisha hesabu Kibaigwa mpaka chaki ikamwingia kifuani.

Basi mtu akaanzisha, tukaitikia kwa sauti za kukwaruza:

*Ndulele si ya kuliwa,*
*hata mbuzi aijua,*
*aliyeionja jana*

na hapo tukakwama.
Mstari wa nne umekwenda.
Sekwao anasema ulikuwa na "leo".
Ndahani anasema ulikuwa na tusi.
Pengine aliondoka nao Hezroni.

Ndahani alipita huko mwaka jana.
Bwalo sasa ni ghala la alizeti.
Bweni la wasichana halina paa, lina popo.
Na uwanja, jamani,
reli ya umeme imekata katikati ya eneo la penalti;
goli moja limebaki, vile vyuma vya reli ya zamani,
mtu kayafungia kamba, ameanika mablanketi.
"Treni ilipita nikiwa nimesimama pale," anasema,
"haikupiga hata honi."

Mimi sikucheza. Goti langu halikuwahi kuwa goti.
Nilipewa kipande cha kanga ya dada, kwenye fito,
nikimbie pembeni ya mstari.
Mstari wenyewe tuliuchora kwa majivu ya jikoni
alfajiri, kwa kopo lililotobolewa.

Kimbunga cha vumbi kilitokea upande wa stesheni.
Watu wote walifumba macho, refa akafumba.
Mimi nilikuwa hatua mbili.
Niliuona mpira ukivuka,
niliyaona majivu yakiruka, na mpira uko kule, nje kabisa,
na Chibago akaufuata hukohuko nje,
akaurudisha juu, ukakuta kichwa cha Sekwao.
Vumbi lilipotua, walikuwa wamembeba.
Mkono wangu ulikuwa chini,
mzito kama ndoo inayotoka kisimani.

Miaka hamsini nimekula zabibu za bao lile.
Nimelisimulia msibani kwa Hezroni, nikaliongezea umbali.
Kule Kilimo palikuwa na kipa mdogo, simjui jina,
alikaa chini kwenye majivu
akanitazama mimi, si refa.

"Wewe ndiye uliyekuwa karibu," anasema Merina,
ananisogezea beseni.
"Hebu sema. Ulionaje?"

Sekwao amefumba macho, anatabasamu, anasubiri kichwa chake.

Nikainua mkono juu,
wima, kama tulivyofundishwa.

"Mmiminieni mzee chai," akasema mtu.
Wakanimiminia.